Taulo Alilolikalia Obadia

Kando ya lami pale Ihanja kuna mashine ya kukamua alizeti, na ubavuni mwa mashine kuna kibanda cha kinyozi, mali ya mzee Obadia. Msimu ukifika, kuanzia mwezi wa sita, mtu anaweza kungoja zamu yake ya kukamua tangu asubuhi mpaka alasiri. Hakuna anayependa kukaa juu ya gunia lake akipigwa na upepo uliojaa makapi, kwa hiyo wote huishia kibandani. Wanaonyolewa ni wachache. Waliobaki huja kubishana, na ubishi wao ni ule ule miaka nenda miaka rudi: katika mapambano yote aliyopigana Chediel, lipi lilikuwa bora?

Chediel yuko hai. Anakaa mwendo wa nusu saa kutoka barabarani, na kila Jumamosi mkewe humleta kunyolewa. Lakini miaka ya tisini alikuwa bingwa wa taifa wa ngumi za uzito wa juu, na kabla yake jina la Ihanja lilikuwa likitajwa redioni kwa habari za njaa tu. Watu wa kijiji hicho hawana mlima wa kujivunia wala ziwa. Wana Chediel.

Wabishi wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya Tabora inasimama na pambano la mwaka tisini na mbili, ambapo Chediel alimlaza mpinzani wake katika raundi ya pili bila yeye mwenyewe kuguswa. Msemaji wake ni Mwalimu Ignas, mstaafu mwenye upara usiohitaji kinyozi wa aina yoyote, lakini hakosi siku. Kambi ya Mwanza inasimama na pambano la mwaka tisini na nne, la kugombea mkanda: raundi kumi, Chediel kaenda chini mara mbili, jicho moja limefumba, halafu katika raundi ya kumi, watu wakiwa wamekwisha kushika tama, akamwangusha bingwa kwa ngumi moja ya kushoto. Msemaji wa kambi hiyo ni Clement, anayeendesha mashine ya alizeti.

"Ngumi ni kupiga bila kupigwa," Mwalimu husema. "Kule Mwanza alipurwa kama mtama. Nyie mnasifia kipigo?"

"Mwalimu, kushinda bila kuguswa si kazi. Kazi ni kuinuka," Clement hujibu.

"Wewe siku ile ulikuwa unanyonya."

"Nilinyonya huku nasikiliza redio, Mwalimu."

Wakishachoka kupayuka hupiga kura. Kila mwenye gunia huchomoa mbegu moja ya alizeti na kuitia katika kopo mojawapo kati ya makopo mawili ya mafuta ya nywele yaliyo dirishani pa Obadia. Mbegu pepe haihesabiwi. Mwalimu Ignas ndiye mhakiki. Huzipasua kwa meno moja moja kuona kama zina kiini, na kwa njia hiyo amekwisha kula kura nyingi za wapinzani wake. Hata hivyo Mwanza hushinda. Hushinda kwa sababu kabla ya kura Clement hutoa silaha yake ya mwisho, na anajua hakuna wa kuizuia.

"Na kabla ya raundi ya saba je?" huuliza, akiwa amesimama. "Mtu yuko hoi. Kocha kashika taulo, anataka kulitupa yaishe. Mtu anasema nini? Niache nimalize! Sasa niambieni, kule Tabora alisema nini?"

Hapo Mwalimu huomba kura ipigwe. Maneno hayo yamekwisha kuwa mali ya wilaya. Yameandikwa nyuma ya bodaboda. Walimu huwaambia wanafunzi wa darasa la saba kabla ya mtihani. Mchungaji mmoja aliwahi kuyahubiri. Hata ubao ulio juu ya mlango wa kibanda umeandikwa kwa rangi nyekundu: NIACHE NIMALIZE SALUNI.

Obadia ndiye alikuwa kocha siku hiyo, ndiye aliyeshika taulo, na katika miaka yote ya ubishi hajawahi kupiga kura. Watu husema ni kwa sababu ya uungwana, hataki kupendelea, na wamempa jina la Jaji. Yeye huinamisha kichwa juu ya mashine yake ya kunyolea na kuacha wamsifu. Ukweli ni kwamba maneno hayo Chediel hakuyasema. Aliyatunga Obadia.

Yeye mwenyewe hakuwa bondia wa kutajwa. Ngumi alijifunzia jeshini, alipokwenda kwa mujibu wa sheria, na huko aligundua mambo mawili: kwamba mwili wake mdogo haukuumbwa kwa ulingo, na kwamba jicho lake liliona makosa ya wengine kabla hawajayafanya. Alirudi Ihanja na glavu jozi mbili. Mwaka huo alimwona Chediel, kijana mdogo kwake kidogo kwa umri, akimshika fahali pembe na kumrudisha zizini kwa kumsukuma kinyumenyume, bila hasira, huku akizungumza naye. Obadia alimfuata siku hiyo hiyo. Walijaza mchanga na pumba katika gunia, wakalitundika kwenye mti wa mkungugu, na kwa miaka minane Chediel akalipiga gunia hilo asubuhi na jioni. Walipendana. Hilo lazima lisemwe, maana bila hilo yaliyofuata yangekuwa mepesi.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Katika pambano lao la tatu kona ya mpinzani ilisikia Obadia akisema "piga mbavu", na mbavu zikafichwa. Tangu hapo hawakusema Kiswahili tena wakiwa ulingoni. Kona yao ilizungumza Kinyaturu tupu, lugha ya kwao. Huko Tabora na Mwanza nani angekijua? Ilikuwa siri yao na fahari yao, na waandishi wa habari waliipenda sana.

Usiku wa Mwanza, kengele ya kumaliza raundi ya sita ilipolia, Chediel alirudi kwenye kona akikosea njia. Refa ndiye aliyemgeuza. Aliketi kwenye kigoda. Obadia alimmwagia maji, akamtoa kinga ya meno, na Chediel akasema kwa Kinyaturu, polepole, kama mtu anayeomba samahani: Obadia, tupa taulo. Sioni vizuri. Damari ana mimba, nataka nirudi nyumbani.

Obadia alisikia kila neno. Taulo lilikuwa begani mwake. Nyuma yake walikuwepo watu waliotoka Ihanja kwa lori, siku mbili njiani, wanaimba mpaka sauti zimekauka. Mbele yake kulikuwa na raundi nne tu na mkanda wa taifa, na bingwa wa upande wa pili, hilo aliliona kwa jicho lake lile, alikuwa anahema kwa mdomo. Akawaza: huyu atachoka. Raundi nne. Akamrudishia Chediel kinga ya meno, akamwinua kwa kwapa, akamwambia, "Amka, bado kidogo." Kisha akalitoa taulo begani, akalikunja, akaliweka juu ya kigoda na kulikalia. Alilikalia ili mkono wake usije ukalitupa wenyewe.

Alikuwa sahihi, hiyo ndiyo balaa yenyewe. Bingwa alichoka. Raundi ya kumi ikamalizika kama ilivyomalizika, ukumbi ukalipuka, na mtangazaji wa redio akamsogezea Obadia kipaza sauti: kocha, baada ya raundi ya sita tulimwona akizungumza nawe kwa lugha yenu, alikuambia nini? Obadia alitazama kando. Chediel alikuwa amekaa ulingoni na mkanda kiunoni, anamuuliza refa pambano linaanza saa ngapi. Hofu ilimkamata Obadia, na mdomo ukatafuta pa kujificha.

"Nilitaka kutupa taulo," alisema. "Akaniambia, niache nimalize."

Basi. Sekunde tano, na nchi nzima ikasikia.

Damari naye alisikia. Alikuwa Ihanja, mimba ya miezi minane, redio imewekwa juu ya mtungi ili ishike vizuri. Kabla ya safari alikuwa amemwita Obadia pembeni na kumwambia, "Shemeji, unirudishie mtu wangu mzima," na Obadia akaitikia. Aliyerudi alikuwa na mkanda na jicho lililopona baada ya mwezi. Vingine havikupona. Alipigana mara mbili tena, akapoteza zote mbili, mkanda ukaondoka. Mwanzoni aliangusha vikombe. Kisha ulimi ukawa mzito, watu wakadhani amelewa. Kisha akaanza kutoka asubuhi na kusimama barabarani akisimamisha mabasi, anataka apelekwe akapime uzito, ana pambano. Leah, mtoto aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya Mwanza, ameolewa Manyoni na ana watoto watatu; akija kumsalimia, baba humwamkia shikamoo.

Walimpeleka kwa madaktari, wa karibu na wa mbali. Wa mwisho aliwaambia kwamba ubongo ulioumia namna hiyo haurudi, unaendelea tu kwenda. Alisema kwa upole, na Damari alimshukuru.

Mbuzi wa Damari hawavai kengele. Alizivua zote miaka mingi iliyopita, kwa sababu kila kengele ilipolia Chediel aliinuka, akakunja ngumi na kuanza kutafuta mpinzani uani.

Na Damari amemtunza. Anamwogesha, anamlisha, anamfuata barabarani, anambadilisha nguo mchana mara mbili au tatu. Kijiji kizima kinamsifu. Lakini siku moja, miaka kama kumi iliyopita, walipokuwa wakimngojea Chediel amalize kunyolewa, alimwambia Obadia jambo bila kumtazama. "Kazi hii haichoshi mwili, shemeji. Inachosha kwa sababu alijitakia. Wewe ulitaka kumwokoa. Mimi nilikuwa na mimba, anajua nina mimba, akaambiwa aache akakataa. Alichagua wale watu wa kwenye lori. Nikimwogesha ndicho ninachokiwaza." Obadia alikuwa na wembe mkononi siku hiyo. Alisimama nao hewani mpaka Damari akamuuliza kama umeharibika. Angeweza kusema, na hakusema. Hata marehemu mkewe, Dorkas, alikufa akiamini kwamba mumewe ni mtu aliyejaribu.

Siku za Jumamosi wenye magunia humpigia Chediel makofi akiingia. Yeye hukaa kwenye benchi, mikono mikubwa imebanwa katikati ya magoti ili isitikisike. Zamani walimuuliza yeye mwenyewe pambano lipi lilikuwa bora, naye alijibu jina la mahali palipotajwa mwisho, kwa hiyo wakaacha. Sasa wana mchezo mwingine. Mtu humuuliza, "Bingwa, kabla ya raundi ya saba ulimwambia nini kocha?" Chediel hufikiri, hutabasamu, na kusema, "Niache nimalize." Watu hupiga kelele na kumpa kikombe cha chai. Ilichukua kama mwaka mmoja kumfundisha. Hawakuwa na ubaya wowote, walidhani wanamkumbusha.

Mwaka huu, katikati ya mwezi wa saba, Jenipher aliingia kibandani. Ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, binti mchapakazi, mkoba wake haufungi kwa wingi wa makaratasi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," Obadia aliitikia.

Alileta habari njema, au yeye aliiona hivyo. Uwanja wa michezo wa kata ulikuwa umekamilika. Kikao kilikubaliana upewe jina la Chediel, na getini liwekwe bango la zege lenye picha yake, mwaka wa pambano la Mwanza, na maneno yale. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo, kisheria, Mwanza ndiyo bora. Clement alishangilia kama yeye ndiye aliyepigana. Mwalimu Ignas alisema kikao hakikuwa na akidi.

"Sasa mzee Obadia, nina ombi," Jenipher aliendelea. "Maneno tutayaandika kwa Kiswahili, ila tunataka juu yake yawepo kwa Kinyaturu, vile vile alivyoyasema mwenyewe. Mimi ni mtu wa Kinampanda, kabila jingine, lugha yenu siijui. Alisemaje hasa?"

Miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

"Ajabu," Mwalimu Ignas alisema. "Kwa Kinyaturu sentensi hiyo ina namna tatu nne za kuisemea. Alitumia ipi, Jaji?"

Obadia alifungua mdomo. Kwa Kiswahili uongo ule ulikuwa umekwisha kulainika, unatoka bila kukwaruza popote. Lakini kusema kwa Kinyaturu kulihitaji autunge upya, kwa lugha ya kona yao, kwa lugha ile ile ambayo Chediel alimwomba nayo. Ulimi ulikataa. Aliona mbele yake lile jicho lililofumba na mdomo usio na kinga ya meno, na akasikia maneno ya kweli, yote, na jina la Damari ndani yake.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Nataka niyakumbuke sawasawa."

Jenipher alimwachia kikaratasi chenye mistari miwili mitupu. Mafundi walikuwa wanasubiri, alisema, zege ikishakauka haifutiki. Alisema hivyo kwa nia njema ya kumharakisha mzee.

Obadia hakula vizuri siku tatu. Aibu aliijua, alikuwa ameishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu, lakini hii ilikuwa hofu. Chediel alikuwa anakwisha. Mwaka uliopita bado alimtambua kwa jina. Mwaka huu humwita "wewe". Ikiwa kuna mtu duniani wa kumsamehe, mtu huyo alikuwa akiondoka siku kwa siku, na Damari alikuwa akimwogesha kwa uchungu usio wa kwake. Msamaha wa Chediel labda umekwisha pita. Lakini Damari bado anaweza kurudishiwa mumewe, yule aliyetaka kurudi nyumbani. Hilo tu Obadia alilitaka sasa. Yeye mwenyewe wamfanye watakavyo, wamvunjie kibanda, wafute ubao.

Ijumaa asubuhi alifunga kibanda, akaenda kwa miguu.

Damari alikuwa uani anapepeta alizeti, upepo unachukua makapi kumpelekea jirani. Chediel alikuwa amekaa ukutani kwenye jua, na mapajani amewekewa kichwa cha alizeti achomoe mbegu, maana mikono yake ikikosa kazi hujikunja.

"Karibu, shemeji. Leo si Jumamosi," Damari alisema.

"Si Jumamosi. Nimekuja na neno." Obadia alikataa kigoda. Alihofu akikaa atazungumzia mvua. Akasema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisema kona, na raundi ya sita, na maneno ya Chediel kama yalivyokuwa, kwa Kinyaturu, kwa mara ya kwanza tangu yaliposemwa. Alisema alivyolikalia taulo. Alisema mtangazaji na uongo wake. "Hakuchagua wale watu wa lori, Damari. Mimi ndiye niliyewachagua. Yeye alitaka kuja kwako."

Ungo ulishuka mpaka chini. Damari alikaa juu ya gunia.

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Alisema, Damari ana mimba."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Obadia alimwona usoni kitu ambacho hakukiona tangu miaka ya tisini. Uso ulilegea, na kwa muda akawa yule msichana aliyekuwa akiwaletea uji chini ya mkungugu wakifanya mazoezi. Alimtazama mumewe, mikono ile, shingo ile, kama anamtazama mgeni aliyetoka mbali akafika. Obadia alidhani imewezekana.

Damari aliinuka, akapiga magoti mbele ya Chediel, akaondoa kile kichwa cha alizeti mapajani mwake. Obadia alielewa anachotaka kufanya, na hakuogopa. Kibandani walimfundisha kwa Kiswahili. Kwa Kinyaturu hakuna mtu aliyemfundisha. Huko ndiko ukweli ulikowekwa, na ikiwa umebaki hata kipande, kitatoka.

"Chediel," Damari alimwambia kwa Kinyaturu, taratibu. "Siku ya Mwanza. Umekaa kwenye kigoda, Obadia yuko mbele yako. Ulimwambia nini?"

Chediel alimtazama. Alifikiri, midomo ikicheza, na Obadia aliona jicho likitafuta mahali fulani mbali. Kisha uso ukafunguka. Lilikuwa tabasamu la kibandani, lile la Jumamosi. Akajibu kwa Kinyaturu safi, wazi kuliko alivyowahi kusema neno lolote mwaka ule: niache, nimalize.

Na akanyoosha mkono kupokea chai.

Mbuzi walipita uani bila kengele.

Damari alishika magoti yake, akainuka kwa shida. Aliuchukua ungo, akaurudisha chini. Alipozungumza hakuwa na hasira, na Obadia angetoa chochote awe na hasira.

"Wewe ni mtu mwema, shemeji. Najua umekuja kunipunguzia."

"Damari, naapa mbele za Mungu. Ni watu wa kibandani waliomzoesha, kwa chai..."

"Kwa Kinyaturu?"

Kiapo Obadia alikuwa nacho, lakini alikuwa amekaa juu ya ukweli miaka thelathini, na sasa alipouinua haukuwa na mtu wa kuutambua. Shahidi wake wa pekee alikuwa amekwisha hamia upande wa pili.

"Usinifanyie tena hivi," Damari alisema. "Mimi nilikuwa nimekwisha zoea. Sasa hivi nimeamini kidogo, dakika mbili hizi, na inabidi nianze kuzoea upya." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Jenipher alipita hapa jana, alisema anakungoja na maneno ya bango. Si hayo umeyasikia? Yamesemwa na mwenyewe. Mpelekee."

Aliingia jikoni kuchemsha chai. Obadia alibaki na Chediel. Alichuchumaa mbele yake, akamwambia kwa Kinyaturu, karibu na sikio, kwamba alimsikia siku ile. Kwamba alisikia kila neno. Chediel alimsikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza kila mtu, kisha akatazama mlango wa jikoni.

Damari alirudi na vikombe vitatu. Kimoja alikiweka mkononi mwa mumewe, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja mpaka vikashika. Kingine alimpa Obadia, na pamoja nacho kalamu ya mjukuu aliyekuwa amekuja likizo. Obadia alitoa kikaratasi mfukoni, akakitandaza juu ya goti. Mistari ilikuwa miwili. Akaandika, na Chediel, aliyekuwa amekwisha maliza chai yake, alinyoosha mkono tena na kurudia maneno yale polepole, neno kwa neno, ili aandike vizuri.